Jiwe Limeshuka Kitako

Somoe Nachilongo ameniletea pete
ndani ya kikopo kitupu cha mafuta ya mgando:
pete upande, jiwe upande,
na kucha moja ya dhahabu imepinda nje
kama mtu anayeulizia njia.

"Jiwe nimelikuta kwenye maganda."
Maganda ya korosho, gunia la tatu,
wenzake wakiwa kwenye chai.
Alichambua ganda moja moja hadi magharibi,
na meza nzima ikamsaidia huku ikimcheka.

Navaa lenzi.
Kucha nne, nyembamba kama sindano za kutarizi,
zimelinyanyua jiwe juu ya kidole
ili mwanga upite chini yake na kulitia moto.
Kazi nzuri, sitasema uongo.
Aliyeitengeneza, huko Dar, ana mkono.
Ila mkono huu hakuuona.

Mkono huu unaingia guniani tangu alfajiri,
unapakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiuchune,
unabana kipini cha kubangulia mpaka kiganja kinaota sugu,
na jioni, hapa Newala, unabeba ndoo kutoka kwenye foleni.
Uzi wa gunia hauna macho
lakini kucha iliyosimama unaijua.
Utaivuta leo kidogo,
kesho kidogo.

Namwambia: kucha nitazikata zote.
Nitakunja utepe wa dhahabu, nilizungushie jiwe
kama ukuta wa kisima,
kisha niulaze mdomo wake juu ya jiwe
kwa chuma butu, polepole, nikizunguka.
Litashuka, likae kitako.
Halitanasa uzi wala nywele za mtoto.

"Litawaka?"

Kwa juu. Kwa chini litakuwa na giza.

Anatazama bodaboda ikipita nje na vumbi lake jekundu.

"Na litaonekana dogo."

Dogo kidogo, ndiyo.

"Haya. Kata."

Nyuma ya pete, panaposuguliwa na kipini,
palikuwa pamekonda kama kijiti cha kiberiti.
Nikapanenepesha.
Karati kumi na nne, ngumu, ya kazi,
si ile ishirini na mbili ya bibi zetu
inayopinda ukiitazama vibaya.

Wiki mbili baadaye akaja mumewe,
Chande, karani wa ghala, vidole vina wino.
"Ni wewe uliyelifunga jiwe langu jela?"
Alikuwa amelilipia msimu mzima.
Alitaka lionekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa na maneno, nikayameza.
Nikatoa dirishani pete ya kucha, ya mfano,
nikamwambia avae, aingie kwenye gunia langu la mkaa,
anitolee vipande kumi.
Cha nne, akanasa.
Akavuta. Gunia likamfuata.
Akasimama katikati ya duka langu, gunia zima kidoleni,
na mteja aliyekuwa anachagua hereni akageuza uso, mabega yakimtetemeka.

"Hivi ni kila siku?" aliuliza, nikimnasua kwa koleo.

Muulize mwenyewe, nikasema.

Sijui kama alimuuliza.

Msimu umekwisha. Leo Somoe amepita kwa shughuli nyingine,
kununua pini ya hijabu.
Nikamwomba mkono, nikauweka chini ya taa.
Ukingo umejaa mikwaruzo, mmoja mrefu kama ufa wa bakuli.
Jiwe halina hata mmoja.
Nikataka kuusugua ung'ae, akauvuta mkono:
kila msasa unakula dhahabu, hilo alishalijua.

Mlangoni akageuka.
"Fundi, zile kucha zangu nne. Ulizipeleka wapi?"

Swali la kila mteja wa sonara, na ana haki.

Geuza kiganja, nikamwambia.
Hapo pananapobana kipini.
Niliziyeyusha humo.

Akaugeuza. Akapapasa kwa kidole gumba,
akapapasa tena,
akalipa pini yake, akaondoka.